Kocha anachezesha mechi ya timu yake? Mzee Naismith alifanya hivyo

Leo tupumzike na siasa. Nataka tuongelee ugomvi ambao kila anayecheza au kuangalia kikapu huku kwetu anaujua: nani atachezesha mechi?

Maana mechi ya vyuo haianzi pale mpira unaporushwa juu katikati. Inaanza siku kadhaa kabla, watu wanapoanza kuulizana refa anatoka wapi. Korogwe mpaka Handeni ni kilomita 65 tu. Watu wanajuana, wamesoma pamoja, wameoleana. Refa akitoka upande huu, wa upande ule wanasema tumeshafungwa hata gari halijawashwa. Akitoka upande ule, maneno ni yale yale. Mwisho wa siku filimbi anapewa mwalimu wa michezo wa wenyeji, kwa sababu ndiye anayezijua sheria na ndiye yuko karibu. Akikosea kidogo tu, basi tena. Wageni wanagoma, washangiliaji wanaingia uwanjani, na mchezo mzuri unaishia kwenye matusi. Nimeyaona haya kwa macho yangu na sitataja chuo wala shule, kwa sababu tatizo sio la mmoja.

Nikajiuliza, hivi aliyeuanzisha mchezo huu alilifikiria jambo hili? Kumbe alilifikiria tangu siku ya kwanza. Na cha ajabu, baadaye yeye mwenyewe akawa kocha wa timu ya chuo kikuu na wakati huo huo refa wa baadhi ya mechi za timu hiyo hiyo. Jamaa anaitwa James Naismith, na maisha yake ni darasa tosha. Kaeni vizuri.

YATIMA ALIYEACHA SHULE

Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na mji wa Almonte, jimbo la Ontario, nchini Canada. Wazazi wake walikuwa na asili ya Scotland. Mwaka 1870, kijana akiwa na miaka 9 tu, homa ya matumbo ikawachukua baba na mama, wote wawili, ndani ya muda mfupi. Akalelewa na bibi yake na mjomba wake, Peter Young.

Alipofika miaka 15 akaacha shule. Ndio, mzee wetu aliacha shule! Akaingia msituni kufanya kazi ya kukata magogo, kazi ya wanaume wa shoka, baridi kali ile mbaya. Akakaa huko miaka kadhaa, kisha akaamua kurudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake. Akamaliza sekondari na mwaka 1883 akaingia Chuo Kikuu cha McGill, jijini Montreal. Nawaambia hili nyie mliokaa kitaa baada ya matokeo mkidhani mlango umefungwa moja kwa moja.

Pale McGill alikuwa mwanamichezo kweli kweli. Baada ya digrii ya kwanza akasomea theolojia, akamaliza mwaka 1890. Watu wengi wa dini zama zile waliona michezo na ibada haviendi pamoja. Yeye akaona kinyume: kijana unaweza kumfundisha uadilifu uwanjani, pengine kuliko kanisani. Wazo hilo likampeleka Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, kwenye chuo cha kufundisha viongozi na walimu wa YMCA, chama kile kile cha vijana wa Kikristo ambacho hata Moshi na Dar es Salaam kipo.

SIKU 14 ZA KUTAFUTA MCHEZO

Majira ya baridi ya mwaka 1891 yakawakuta na tatizo. Nje kuna theluji, mpira hauchezeki. Ndani ya ukumbi kuna mazoezi ya viungo tu, na darasa moja la wanafunzi 18 limechoka nayo kabisa. Walimu wawili walishashindwa kuwatuliza. Mkuu wa idara, Luther Gulick, akamkabidhi Naismith darasa hilo na kumpa siku 14 awe amepata mchezo wa kuchezea ndani.

Kwanza akajaribu kuingiza ndani michezo ya nje. Ikawa balaa, watu wanaumizana kwenye sakafu ngumu. Akakaa chini akafikiri: watu wanaumizana kwa nini? Kwa sababu mtu anakimbia na mpira na wenzake lazima wamkamate. Basi ukiondoa kukimbia na mpira, umeondoa sababu ya kumkamata. Halafu watu wanapiga mpira kwa nguvu kwa nini? Kwa sababu goli liko wima mbele yao. Akakumbuka mchezo wa utotoni kule Almonte, wa kurusha jiwe ili kuangusha jiwe jingine lililowekwa juu ya mwamba. Aliyerusha kwa kulipandisha juu taratibu alifanikiwa kuliko aliyevurumisha. Hapo akapata jibu: goli liwe juu ya vichwa na mdomo wake uangalie juu, ili nguvu isisaidie, usaidie ulengaji.

Akamuomba mtunza jengo maboksi mawili. Hakuna. Kulikuwa na vikapu viwili vya kubebea matunda ya pichi, kama hayo yanayotoka Lushoto. Vikapigiliwa misumari kwenye roshani ya ukumbi, futi 10 kutoka chini, sawa na mita 3 na sentimita 5. Urefu huo haujabadilika mpaka leo. Jina mpira wa kikapu limetoka hapo, sio hadithi ya kutunga.

SHERIA 13 NA WAAMUZI WAWILI

Sasa hapa ndipo ninapopataka. Naismith aliandika sheria 13 tu. Katika hizo 13, mbili nzima ni za waamuzi, ya 10 na ya 11. Yaani mchezo bado haujachezwa hata mara moja, na mwenye mchezo ameshakaa kufikiria nani ataamua.

Na hakuwaza refa mmoja. Aliweka wawili na akawagawia kazi. Wa kwanza anawaangalia watu: nani kamsukuma mwenzake, nani kamshika, nani kampiga. Yeye ndiye anayehesabu madhambi na ana mamlaka ya kumtoa mchezaji. Wa pili anauangalia mpira: umetoka au haujatoka, ni wa nani, goli limeingia au halijaingia. Huyo pia anatunza muda na hesabu ya magoli. Timu ikifanya madhambi matatu mfululizo bila wapinzani kufanya lolote, wapinzani wanapewa goli. Kwa hiyo anayehesabu madhambi na anayehesabu magoli walikuwa watu wawili tofauti. Hakuna mtu mmoja aliyeshika mechi yote mkononi.

Kwa nini alijisumbua hivyo? Mwaka 1939, miezi michache kabla hajafariki, alihojiwa kwenye redio huko New York. Akasimulia jinsi vijana walivyoanza kupigana mateke na ngumi alipowaachia mchezo mara ya kwanza kabla sheria hazijakaa sawa, mpaka mmoja akazimia na wengine wakatoka macho yamevimba. Mtu aliyeona hayo hawezi kumuona refa kama pambo.

Tarehe 21 Desemba 1891 mechi ya kwanza ikachezwa, wachezaji 9 kila upande, vipindi viwili vya dakika 15. Naismith mwenyewe ndiye aliyerusha mpira juu na kuchezesha. Matokeo: goli 1 kwa 0, mfungaji William Chase. Vikapu vilikuwa na kitako, kwa hiyo ukifunga lazima mtu apande ngazi kuutoa mpira. Ushukuru zilikuwa zinafungwa chache!

MASHABIKI HAWAKUANZA JANA

Wadau mnaodhani fujo za mashabiki ni za Kibongo, sikilizeni hii. Vikapu vile vilikuwa kwenye roshani, na mashabiki walikaa roshani hiyo hiyo. Basi mpira wa wapinzani ukija, shabiki ananyoosha mkono anauzuia. Wa timu yake ukija, anausaidia uingie. Ubao ule wa nyuma ya kikapu ambao leo tunagongeshea mpira ili uingie, uliwekwa miaka ya mwanzoni ya 1890 kuzuia mikono ya mashabiki.

Kingine: sheria ya mwanzo ilisema mpira ukitoka nje, wa kwanza kuugusa ndiye anaurusha ndani. Matokeo yake watu wakawa wanarukia viti na watazamaji kuugombania. Ilichukua mpaka mwaka 1913 kubadilisha, mpira ukawa wa wapinzani wa aliyeutoa. Somo ni kwamba sheria mbovu inamuumiza refa hata kama ni mtakatifu. Ukimpa mtu kazi ya kuamua kitu kisichoamulika, umemtupa kwa fisi.

KOCHA NA REFA, MTU MMOJA

Mwaka 1894 Naismith alimuoa Maude Sherman, mmoja wa wanawake wa mwanzo kabisa kucheza kikapu pale Springfield. Mwaka 1895 wakahamia Denver, na mwaka 1898 akahitimu udaktari wa binadamu. Mwaka huo huo akaitwa Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence, kusimamia ibada na mazoezi ya viungo. Hapo ndipo alipoanzisha timu ya kikapu ya chuo. Mechi yao ya kwanza, Februari 1899, walikutana na YMCA ya Kansas City wakafungwa 16 kwa 5. Yaani mwenye mchezo kafungwa!

Enzi hizo hakukuwa na chama cha kupanga waamuzi wa mechi za vyuo. Timu zinapatana zenyewe. Mtu anayezijua sheria ni wa kutafuta kwa tochi, na hapa mmoja wa wachezaji wa benchi lako ni bahati tu, lakini kocha wako ndiye aliyeziandika! Kwa hiyo mara nyingine Naismith akawa anapewa mechi achezeshe yeye, huku vijana wanaocheza ni wake. Piga picha jambo hilo huku kwetu. Mechi isingefika mapumziko.

Lakini hesabu zake zinashangaza. Kuanzia 1898 mpaka 1907, chini ya Naismith Kansas ilishinda mechi 55 na kufungwa 60. Katika historia yote ya timu hiyo, ambayo imeshinda zaidi ya mechi 2,000, hakuna kocha mwingine aliyefungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda. Ni yeye peke yake, mwenye mchezo. Simaanishi kwamba kufungwa ni ushahidi wa uaminifu. Ninachosema ni kwamba jamaa hakuwa na njaa ya ushindi. Kwake mchezo ulikuwa wa kujenga afya na tabia. Mwanafunzi wake Forrest Allen, maarufu kama Phog, alipomwambia anataka kuwa kocha wa kikapu, Naismith alimshangaa, akamjibu kwamba mchezo huu ni wa kucheza tu, haufundishwi. Allen hakumsikiliza. Akarithi timu ya Kansas na kuwa mmoja wa makocha wakubwa Marekani, na ukumbi wa kikapu wa chuo hicho una jina lake. Uwanja wenyewe, pale chini wanapokanyaga wachezaji, una jina la Naismith. Wamegawana vizuri.

Sasa tufikirie. Utaratibu wa Naismith ulikwenda kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa Naismith. Je, ligi unaweza kuijenga juu ya wema wa mtu mmoja? Akiondoka yeye, akija anayetaka kombe, anayetaka kupandishwa cheo, mchezo umekwisha. Ndio maana sheria za FIBA, shirikisho la dunia lililoanzishwa mwaka 1932, zinataka waamuzi wasiwe na uhusiano wowote na timu zinazocheza. Na Marekani leo waamuzi wa mechi za vyuo vikuu wanapangwa na ofisi ya ligi, sio na chuo. Kwa sheria hizo, Naismith mwenyewe asingeruhusiwa kuchezesha mechi za Kansas. Na nadhani angekubali, maana yeye ndiye aliyeanza na wazo la kugawa madaraka.

MWANAFUNZI MWEUSI NA MECHI YA SIRI

Mwaka 1933 akaja Kansas kijana mweusi, John McLendon. Ubaguzi wa rangi ulikuwa mkali, timu ya chuo ilikuwa ya wazungu peke yao. Naismith hakuweza kuuvunja ukuta huo wote, lakini alimchukua McLendon akamfundisha na kumsimamia mpaka akahitimu mwaka 1936. McLendon akawa kocha hatari huko North Carolina, kwenye chuo cha weusi.

Machi 1944, miaka zaidi ya minne baada ya kifo cha Naismith, vijana wa McLendon walicheza na timu ya wanafunzi wazungu wa udaktari wa Duke. Sheria za ubaguzi zilikataza. Wakacheza Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, milango imefungwa. Hakukuwa na mashabiki, lakini saa ya mchezo iliwekwa, na refa alikuwepo. Fikiria: mechi ambayo ikijulikana watu wanaweza kuumizwa, bado wakasema bila refa sio mechi. McLendon wakashinda 88 kwa 44. Baadaye wakachanganya timu, weusi na weupe pamoja, wakacheza tena.

MWISHO WA SAFARI

Wakati wa vita kuu ya kwanza Naismith alikwenda Ufaransa na YMCA kuhudumia wanajeshi. Mwaka 1925 akachukua uraia wa Marekani. Mwaka 1936 kikapu kikaingia rasmi Olimpiki, mjini Berlin, na makocha wa Marekani wakachangishana kumlipia mzee nauli ili akaone. Akarusha mpira wa mechi ya ufunguzi. Fainali ilichezwa nje, kwenye uwanja wa udongo, mvua inanyesha, mpira haudundi. Marekani 19, Canada 8. Nchi aliyozaliwa na nchi aliyohamia! Hata Misri walikuwepo, kwa hiyo Afrika hatukukosa.

Mwaka 1937 alishiriki kuanzisha mashindano ya vyuo vidogo huko Kansas City. Ni mashindano hayo hayo ambayo McLendon aliyachukua mara tatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959. Naismith alifariki Lawrence tarehe 28 Novemba 1939, akiwa na miaka 78. Hakutajirika kwa kikapu. Karatasi zake mbili za sheria 13 ziliuzwa kwa mnada Desemba 2010 kwa zaidi ya dola milioni 4.3, na zikapelekwa Chuo Kikuu cha Kansas.

TURUDI KOROGWE NA HANDENI

Tuna vyuo vya ualimu Korogwe na Handeni. Walimu wanaotoka hapo ndio watakaofundisha michezo kwenye shule za nchi nzima. Wakizoea kwamba mwenyeji ndiye refa na mgeni ndiye wa kuonewa, watakwenda kufundisha hivyo hivyo.

Mimi nashauri hivi. Moja, refa wa mechi ya Korogwe na Handeni atoke sehemu ya tatu: Muheza, Lushoto au Tanga mjini. Mbili, wawe wawili, kama alivyotaka mwenye mchezo, na wapangwe na chama cha kikapu, sio na chuo. Tatu, nauli na posho zao zichangwe na timu zote mbili na zikabidhiwe kwa chama kabla ya mechi, refa asipokee bahasha kwa mwenyeji wakati anakunywa chai. Nne, meza ya kuhesabu pointi na muda ikae na mtu mmoja kutoka kila upande. Tano, anayelalamika aandike. Karatasi ya mchezo ya FIBA ina sehemu ya nahodha kusaini akiwa na malalamiko. Kalamu ni rahisi kuliko jiwe.

Na la mwisho ni la vijana. Nyie mliomaliza sekondari na mnaupenda mchezo lakini hamkupata nafasi kwenye timu, jifunzeni sheria mshike filimbi. Kila mtu anataka kuwa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar aliyecheza chuo cha Connecticut na kuchaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009. Sawa, ndoto nzuri. Lakini mtu wa urefu ule ni mmoja kwa mamilioni, wakati refa mwaminifu hahitaji urefu. Mpaka tuwapate wa kutosha wa kwetu hapa hapa mkoani, tutaendelea kumpa filimbi mwenye nyumba na kushangaa kwa nini mgeni anakasirika.

Haya wadau, mnasemaje? Waliowahi kuchezesha, tupeni uzoefu wenu, lakini bila kutaja watu majina. Kwa leo naishia hapo.